Zamu ya Mwalimu Kufagia

Ugomvi wa bohari na ghala ulianzia kwenye chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, na lau ungeishia humohumo, tungekuwa tunausimulia kama kichekesho.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza ndefu, viti visivyofanana hata viwili, na joto la mashine zilizonguruma upande wa pili wa ukuta kutwa nzima. Kila Jumamosi walikutana humo watu watano waliokuwa wakifanya kazi ya kujitolea: kuutafsiri na kuusambaza mfumo wa kompyuta unaotumiwa na zahanati ndogo ndogo, zile zenye muuguzi mmoja na kompyuta moja inayopata moto ikiachwa wazi. Programu zilifungwa kwenye vifurushi, vifurushi vikawekwa pamoja kwenye mtambo mkuu, na kompyuta za zahanati zikavichota hapo kila toleo jipya lilipotoka. Hadi hapo hakuna la ajabu. Kilichowashinda ni kukubaliana mahali hapo panapowekwa vifurushi paitweje.

Kwenye skrini moja paliitwa bohari. Kwenye nyingine paliitwa ghala. Kitabu cha mwongozo kiliandika hazina, kwa sababu aliyekitafsiri alikuwa mtu wa kupenda maneno matamu na hakupenda kuulizwa. Basi muuguzi aliambiwa na kompyuta yake kwamba ghala halikupatikana. Akaenda kwenye ukurasa wa mipangilio kulitafuta hilo ghala, akakuta bohari. Akafungua kitabu kiamue, akakuta hazina. Akazima kompyuta, akarudi kuandika kwa kalamu, na nani wa kumlaumu? Wakubwa wa zahanati walikwisha kusema wazi kwamba toleo lijalo likitoka tena na majina matatu ya kitu kimoja, wao watarudi kwenye mfumo wa kigeni, ambao angalau hausomeki kwa wote sawasawa.

Aliyekosa raha zaidi kwa maneno hayo ni Fundi. Wote walimwita hivyo, hata mumewe. Yeye ndiye aliyefunga vifurushi: aliichukua programu, akaangalia inahitaji nini, akaifunga pamoja na mahitaji yake yote ili ikifika kwa muuguzi ifunguke bila maswali. Alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono, na mwepesi zaidi wa kuhisi mambo. Mtu akikohoa chumba cha pili, Fundi alijua amekohoa kwa ajili yake. Na bahati yake ilimtupa mahali pagumu, kwa sababu aliyelichagua neno bohari na kulipenda alikuwa mama mkwe wake, na walikaa nyumba moja.

Huyo walimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha lugha mpaka kustaafu, mwanamke mdogo wa umbo mwenye kicheko cha mtu mnene. Kabla kikundi hakijawa kikundi, yeye peke yake ndiye aliyekaa na kamusi akiutafsiri mfumo skrini baada ya skrini, na maneno mengi wauguzi waliyoyazoea yalipita kwanza kichwani mwake. Programu isiyoweza kwenda bila nyingine, aliiita tegemezi. Siku neno hilo lilipopitishwa alimnyooshea kidole mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa akisinzia mwisho wa meza, akasema kila ukoo unalo moja. Tangu siku hiyo jina la mwanawe likawa Tegemezi. Huyo ndiye mume wa Fundi na mtunza mtambo mkuu, mtu mpole, na jina hilo alilipokea kama alivyopokea kila kitu, kwa kucheka na kuomba chai.

Mwalimu aliogopa kitu kimoja tu hapa duniani, na nyumba nzima ilikijua. Mama yake mzazi alianza kwa kusahau alikoweka funguo, akaendelea hivyohivyo, mpaka siku moja akamtazama binti aliyekuwa akimlisha uji akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mwalimu hakuisahau siku ile. Alipostaafu akaanza kujipima. Jina la mtu likimponyoka, hakukaa kitako mpaka amelikumbuka, na kazi ya maneno ndiyo iliyokuwa kipimo chake kikubwa. Maadamu aliweza kukumbuka skrini ipi ilisema nini, alijua kichwa chake kiko mahali pake.

"Siku nikishindwa kukumbuka nilichoandika kwa mkono wangu," alimwambia Fundi walipokuwa wakianika nguo, "usinifiche. Tegemezi atanificha, ana huruma za kijinga. Wewe nipeleke kwa daktari."

"Nitakupeleka, Mama," Fundi alisema. Aliahidi kwa moyo wote. Alimpenda mama huyo kuliko alivyowahi kuthubutu kumwambia.

Jumamosi ya kura, hazina ikiwa imeshatupwa bila ubishi, aliyeongoza kikao ni Mtangazaji, mzee wa redio ambaye hakuijua kompyuta hata kidogo ila alikabidhiwa uenyekiti kwa ajili ya sauti yake. Kila neno jipya lilisomwa naye kwanza, kama taarifa ya habari, kisha ndipo likajadiliwa.

"Bohari haikupatikana," alisoma, akatua. "Ghala halikupatikana." Akatua tena. "Habari zote mbili ni mbaya. Lakini bohari imeteleza vizuri kooni."

"Hatutaliimba," Fundi alisema. "Watu watalisoma tu. Programu zote zilizobaki zimeshaandika ghala. Ni ile kubwa peke yake ndiyo yenye bohari."

"Ghala ni la mahindi," Mwalimu alisema. "Bohari ni ya dawa na vifaa. Muuguzi anaijua bohari."

"Anaijua mno, Mama, ndiyo shida. Si huyu hapa, mwulizeni."

Wakamgeukia Muuguzi, mwanachama wa nne, aliyekuwa ametoka moja kwa moja kwenye zahanati yake bado amevaa viatu vya kazi. Alijikuna shavu kwa haya. "Mimi mara ya kwanza kuambiwa bohari haikupatikana nilichukua funguo nikaenda kuangalia chumba cha dawa," alikiri. "Nilikikuta palepale nilipokiacha."

Walicheka mpaka mwenye duka akagonga ukuta. Mwalimu naye alicheka, ila kile kicheko chake kinene hakikutoka.

Mikono ikapigwa hesabu. Mwalimu na Mtangazaji walitaka bohari, Fundi na Muuguzi walitaka ghala, na macho yote yakamwendea Tegemezi, ambaye ghafla alikumbuka kwamba simu yake inaita. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Simu yako hii hapa mezani," mama yake alimwambia.

Akarudi. Akamtazama mama, akamtazama mke, akapandisha mkono kwa upande wa ghala, lakini akaukomesha usawa wa sikio kama mtu anayejikuna.

"Nimekubeba tumboni mimi," Mwalimu alisema.

"Najua, Mama. Ndiyo maana natetemeka."

Basi ghala likashinda, na hapo ndipo desturi ya kikundi hicho ilipoingia. Kwao, aliyeshindwa kwenye kura ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuliingiza neno lililoshinda kwenye mfumo mzima. Waliiita kufagia. Walikuwa na sababu nzuri: aliyelipinga neno ndiye mwepesi wa kuona mahali lisipokaa vizuri. Na kazi yenyewe si ya kubonyeza kitufe ukaenda kulala. Ukitoa bohari ukatia ghala, "haikupatikana" inageuka "halikupatikana", "yako" inageuka "lako", na sentensi nzima inataka jicho la mtu aliyetulia. Kisha kulikuwa na sharti la pili, ambalo Mtangazaji alilishikilia kuliko yote. Anayefagia hakaguliwi. Kazi ikitoka mikononi mwake inakwenda kwa wauguzi moja kwa moja. Kumpa mtu fagio halafu ukamfuata nyuma ukiangalia kona, alisema, ni kumtukana mara mbili, maana ulishamshinda na sasa humwamini.

"Nipeni fagio langu," Mwalimu alisema, akakusanya karatasi zake.

Wiki iliyofuata nyumba yao ilikuwa na kimya kisicho cha kawaida. Mwalimu alifungua kompyuta yake kwenye meza ya kulia chakula, akafunika upande mmoja wa meza kwa karatasi, na kuanzia kifungua kinywa alikuwa hapo. Siku zote alipokuwa akitafsiri alizungumza na maneno kama watoto watundu, akiyakaripia na kuyabembeleza. Safari hii hakusema kitu. Fundi akimletea chai, alijibu "mm". Fundi akimuuliza kama amekula, alijibu "mm" ile ile.

"Mama amenuna," Fundi alimwambia mumewe jikoni.

"Mama anafanya kazi."

"Amenuna. Nimemuuliza kama ameshaimaliza ile skrini ya mwanzo, akaniambia 'nitamaliza'. 'Nitamaliza' gani ile?"

"Ya mtu atakayemaliza," Tegemezi alisema, akajimiminia chai.

Haikumtuliza. Siku moja alitoka chumbani akawakuta mama na mwana wamesimama ukumbini wakinong'ona juu ya kompyuta, na alipotokea tu wakanyamaza. Mtu mwingine angepita. Fundi alipita pia, lakini alipita na maneno ambayo hakuyasikia, akayatunga mwenyewe njia nzima hadi bafuni, na kila alivyoyatunga yalikuwa juu yake.

Ijumaa Mwalimu alikwenda kuchukua miwani yake mpya. Toleo lilikuwa liondoke siku hiyohiyo akirudi. Kompyuta yake aliiacha wazi mezani, maana ndani ya nyumba hiyo hakuna aliyewahi kumfungia mwingine kitu. Fundi alikuja na kitambaa kufuta meza. Alifuta upande huu, akafuta upande ule, kisha akakaa kwenye kiti cha mama mkwe wake, kitambaa mkononi, akaiamuru kompyuta itafute neno bohari katika kazi yote.

Ilitafuta. Ikarudi na moja.

Lilikuwa limejificha kwenye faili la mipangilio, ndani kabisa, katika mstari mrefu wenye alama na nukta. Fundi alihisi damu inampanda kichwani. Mwalimu hakuwa mtu wa kupitiwa. Mtu aliyegeuza kila "haikupatikana" katika mfumo mzima ataachaje bohari moja isimame, kama si kusudi? Ameiacha ili iote tena. Ameiacha ili toleo likitoka, mtu mmoja mahali fulani akutane na majina mawili, wakubwa wakasirike, na Fundi aonekane ndiye aliyewasumbua watu kwa kura zake. Aliwaza hivyo, kisha akaona aibu kuwaza hivyo, kisha akawaza tena.

Mwisho alijiona mwema, na hapo ndipo alipoharibu. Alijiambia hatamshtaki wala hatamwaibisha. Atarekebisha kimyakimya, mama asijue, kesho waamke wote wawili wanacheka. Akafuta bohari kwenye mstari ule, akaandika ghala, akahifadhi. Kisha akamalizia kufuta meza.

Mwalimu alirudi na miwani mpya, akazunguka nyumba nzima akitangaza vumbi ambalo hakuwahi kuliona. Alikaa kwenye kompyuta, akatazama huku na huku, akalituma toleo. "Nimefagia," alisema.

"Hongera, Mama," Fundi alisema, na alimaanisha, maana moyo wake ulikuwa umetulia.

Jumatatu asubuhi simu ya kwanza ilitoka kwa Muuguzi. "Nimechukua toleo jipya," alisema. "Kwanza niwape pongezi, maneno yamenyooka, kila mahali ni ghala. Ila ghala lenyewe halipatikani. Nimejaribu mpaka nimechoka." Kabla Fundi hajaweka simu ikaingia ya pili, kisha ya tatu, zahanati baada ya zahanati, na wote waliimba wimbo mmoja. Kila kompyuta iliyopokea toleo jipya ilikuwa imepotea njia ya kwenda kwenye vifurushi.

Tegemezi alikaa kwenye mtambo wake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa polepole aliyeijua kazi yake, aliliona tatizo mapema. "Kuna mtu amebadilisha anwani," alisema. "Huu mstari si wa kusomwa na watu. Ndio unaoiambia kompyuta ya zahanati iende mlango gani. Mlango wetu unaitwa bohari tangu siku ya kwanza, na mlango hausikii kura. Sasa kompyuta zote zinabisha kwenye mlango ambao haupo."

Fundi aliusoma mstari juu ya bega lake. Mtu aliyefunga vifurushi maisha yake yote angepaswa kuutambua mstari huo hata akiwa usingizini. Angeukuta kwenye kazi ya mtu mwingine yeyote, angeutambua. Siku ile hakuona mstari, aliona mama mkwe.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tegemezi alifungua mlango wa pili kwenye mtambo, akaupa jina jipya, ukaelekea mahali palepale, na kabla ya chakula cha mchana zahanati zote zilikuwa zinachota vifurushi kama kawaida. Wakubwa hawakupata hata nafasi ya kukasirika. Fundi alishusha pumzi. Akakata shauri kwamba atamweleza mumewe, lakini baadaye, mambo yakipoa.

"Ila jambo moja linanishangaza," Tegemezi alisema akifunika kompyuta. "Wiki iliyopita Mama aliniuliza juu ya mstari huohuo, pale ukumbini. Aliuliza kama nao ausafishe. Nikamwambia asiuguse, ni anwani. Akasema sawa."

Fundi alifungua mdomo.

"Na kumbukumbu za kazi zinaonyesha umebadilishwa kwenye kompyuta yake, kwa jina lake," mumewe akaendelea. "Nimemwonyesha. Yuko mezani."

Mwalimu alikuwa amekaa pale alipokaa wiki nzima, miwani mpya usoni, akiutazama mstari kwenye skrini kama mtu anayetazama picha yake ya zamani asijitambue. Aliwasikia wakiingia, hakugeuka.

"Mimi niliuacha," alisema. "Niliuacha, si ndiyo? Ulisema ni anwani, nikasema sawa, nikauacha."

"Labda kidole kiliteleza, Mama," Tegemezi alisema.

"Kidole kinaandika ghala kikiteleza?" Akasogea karibu zaidi na skrini. "Ijumaa mchana, inasema. Ijumaa mchana nilitoka. Nikarudi, nikakaa hapahapa, nikapitia huku na huku. Kwa hiyo niliugusa. Sikumbuki kuugusa. Najitahidi kukumbuka tangu uliponionyesha, na hakuna kitu, ni kweupe tu."

"Si kitu, Mama. Kimesharekebishwa."

"Usinisemeshe kama mgonjwa." Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka kabisa. "Mama yangu alikuwa anakula yamini kwamba hajaziweka funguo kwenye sufuria. Anaapa huku analia, na sisi tunaziona zimo kwenye sufuria. Nilikuwa nadhani anasema uongo. Kumbe ndivyo unavyokuwa. Unakuwa na hakika kama mimi nilivyo na hakika sasa hivi."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na mkono wake kwenye fremu. Aliujua ukweli, na ukweli ulikuwa mfupi, ungetoka kwa pumzi moja. Lakini aliona pia yatakayofuata. Amevunja sharti la kikundi. Ameharibu toleo alilolipigania yeye mwenyewe. Na zaidi ya hayo yote, atalazimika kusema kwa nini alitafuta, na kwa nini alidhani alichodhani, mbele ya mwanamke aliyempokea nyumbani kwake kama binti. Akatafuta njia ya kando.

"Labda kompyuta ndiyo iliyokosea, Mama," alisema. "Hizi kumbukumbu wakati mwingine zinachanganya."

Hata masikioni mwake mwenyewe maneno hayo yalikuwa machafu.

Mwalimu alitikisa kichwa. Alichukua simu, akampigia Mtangazaji, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuomba ruhusa ya kutoka darasani, akamwambia anakiacha kikundi. "Kichwa kimeanza," alisema. "Kama cha mama yangu. Leo nimeharibu anwani tu, na kesho sijui nitaharibu nini. Tafuteni mtu mwingine." Mtangazaji alisikika akibisha upande wa pili. Mwalimu hakumngoja amalize. Aliishusha simu mapajani, akamgeukia Fundi, na alikuwa akitabasamu, jambo lililokuwa baya kuliko kulia.

"Uliniahidi hutanificha, mwanangu," alisema. "Kesho nipeleke kwa daktari. Wewe, si huyu."

 Fundi alikaa chini, sakafuni, karibu na miguu ya kiti.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeubadilisha. Ulipokwenda kuchukua miwani. Nilikaa hapo kwenye kiti chako, nikatafuta bohari, nikalikuta limebaki moja. Nikadhani umeliacha kwa hasira ya kura. Nikaandika ghala, nikahifadhi. Ndiyo maana imeandika jina lako. Si wewe, Mama. Hukuugusa."

Tegemezi alimwita mkewe kwa jina lake halisi, ambalo hakulitumia ila akishtuka. 

Mwalimu alivua miwani. "Kwa hiyo niliuacha," alisema.

"Uliuacha."

"Ulipoukuta, ulikuwa umeandikwa bohari."

"Ulikuwa umeandikwa bohari, Mama. Ulikuwa sawasawa kama ulivyouacha."

"Sema tena."

Fundi alisema tena. Mwalimu akainama, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kujua kwamba alikuwa akilia, kisha ikachukua muda kujua kwamba alikuwa akicheka pia. "Mimi ni mzima," aliviambia viganja vyake. "Jamani, mimi ni mzima." Mwanawe alimshika bega, naye kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwacha amshike.

Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu na hayakuwa na mzaha. Alimtazama Fundi pale chini.

"Miaka yote hii tunakula sahani moja," alisema, "ukadhani ninaweza kuwafungia wauguzi mlango kwa sababu ya neno?"

Fundi alitamani kusema hapana. "Nilidhani, Mama," alisema.

"Ungeniuliza. Nilikuwa hapa wiki nzima."

"Niliogopa. Ulikuwa hunisemeshi."

"Nilikuwa nahesabu 'halikupatikana' na 'haikupatikana', mtoto wewe. Ningekusemesha ningekosea." Alifuta pua kwa upande wa mkono. "Nitakukasirikia. Nakwambia mapema ili usije ukadhani ni kitu kingine. Nitakukasirikia leo, na kesho, na keshokutwa nitaangalia. Ukisikia 'mm', ujue safari hii ni yako."

"Ndiyo, Mama."

Kutoka mapajani mwake sauti ya taarifa ya habari ilikuwa ikisema halo, halo, kuna nini huko, kuna mtu? Mwalimu alikuwa ameisahau simu. Aliiinua, akaitazama, akamnyooshea Fundi.

"Mwambie," alisema. "Huyo ameshaambiwa kichwa changu kimeharibika, na akiambiwa kitu jioni nchi nzima inajua. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usiruke hata kidogo."

Fundi aliipokea simu.  Alimweleza Mtangazaji juu ya kitambaa cha kufutia meza, na kiti, na kutafuta, na alichodhani, na kila sentensi ilimtoka kama mwiba.  Mwalimu alikuwa ameegemea kiti na kufumba macho, akisikiliza kila neno, na Fundi alipofika mahali pa kusema kwamba mstari aliukuta haujaguswa, alimwona akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa miongoni mwa waliofaulu.

Basi Fundi akaparudia mahali hapo, bila kuombwa.